Siri za Kufungia Karanga

Miaka ya sabini, karatasi iliyomaliza kazi ofisini Dar es Salaam ilianza kazi ya pili mtaani. Ilifungia karanga. Ilifungia vitumbua, bagia, kashata na chumvi ya senti kumi. Wauzaji waliinunua kwa kilo kutoka kwa matarishi na wafagiaji, wakaikata, wakaisokota ikawa pembe, na ukishamaliza kutafuna ulibaki na nusu ya barua ya mtu mkononi. Kwa njia hiyo nimesoma hati za mishahara, majibu ya maombi ya likizo ya uzazi, mitihani yenye masahihisho mekundu, na siku moja karatasi ya daktari iliyotaja ugonjwa ambao kwa umri wangu sikupaswa hata kuujua jina. Mama aliiona, akaninyang'anya, akaichana na kuitia kwenye jiko la mkaa. Jina lililoandikwa juu yake halikuwa la mtu tuliyemfahamu.

Leo nina chumba cha ufundi Kariakoo, ghorofa ya pili, Mtaa wa Aggrey, juu ya maduka ya simu. Kazi yangu ni kompyuta za mtumba: nanunua, nafungua, natengeneza, nauza. Kila iliyopita mezani kwangu ilikuwa ya mtu kabla haijawa yangu, na wengi wa watu hao waliiacha ikiwa na maisha yao ndani. Ndiyo sababu nimekuwa nikifuatilia historia ya kufuta, historia ambayo haina jumba la makumbusho wala siku ya maadhimisho. Nilichokiona humo ni kwamba ujuzi wa kufuta haujawahi kupungua duniani. Aliyetaka kufuta siri yake mwenyewe aliifuta hadi majivu. Wanaokosekana ni wa kuhangaika kufuta siri ya mwenzao.

Si kwamba sisi wenyewe hatukuwa na adabu ya jambo hili. Bibi yangu mzaa baba alikuwa mtu wa Bagamoyo, na alinisimulia jinsi watoto chuoni walivyoandika aya kwenye ubao kwa wino wa masizi. Mwalimu akiridhika kwamba zimekaa kichwani, ubao unaoshwa, zinaandikwa nyingine. Maji yale hayakumwagwa mtaroni. Yalitafutiwa mahali safi pasipokanyagwa. Msahafu uliochakaa nao haukutupwa jalalani, ulizikwa. Neno liliheshimiwa hata linapoondoka. Sijui ni lini heshima hiyo ilipokomea kwenye vitabu vya dini na kuiacha nje hati ya mshahara ya mwalimu, lakini muuza karanga wa Magomeni hakuwa nayo, na ofisi iliyomuuzia karatasi haikuwa nayo vilevile.

Hodari wa kufuta kuliko wote niliosoma habari zao hawakuwa mafundi wa kompyuta. Walikuwa maofisa wa serikali ya kikoloni. Mei 1961, Waziri wa Makoloni wa Uingereza, Iain Macleod, alituma maelekezo kwamba nchi zinazopata uhuru zisikabidhiwe hati ambazo zingeiaibisha serikali ya Malkia, au kuwaumbua polisi wake, askari wake, watumishi wake na watoa habari wake. Uganda kazi hiyo ilipewa jina la Operation Legacy, na jina hilo ndilo wanahistoria wanalolitumia sasa kwa makoloni yote. Majalada yaligawanywa mafungu mawili: ya kurithishwa, na yale yaliyoitwa Watch, yaliyogongwa muhuri mwekundu wa herufi W. Mwenye ruhusa ya kuyagusa haya ya pili alikuwa ofisa mwenye asili ya Ulaya tu. Karani Mwafrika au Mhindi aliyeyapanga rafuni kwa miaka hakutakiwa hata kujua kwamba fungu hilo lipo. Jalada likitolewa, la bandia liliweza kuwekwa mahali pake ili pengo lisionekane.

Kisha yakaja maelekezo ya kuteketeza. Karatasi zichomwe hadi ziwe majivu, na majivu yenyewe yavunjwevunjwe. Kenya, mwaka huohuo wa 1961, maofisa waliambiwa kwamba wasipotumia moto wanaweza kufungasha hati kwenye kreti zilizotiwa uzito na kuzitosa kwenye maji ya kina kirefu sana yasiyo na mkondo, mbali na pwani kadiri inavyowezekana. Kama mwananchi mstari huo unanichefua. Kama fundi, nawavulia kofia. Waliwaza kila kitu: nani anashika, nini kinabaki mahali pa kilichotolewa, mabaki yanakuwaje, hata mkondo wa maji unaelekea wapi. Wateja wangu wengi hawafiki hata robo ya hapo.

Na bado hawakumaliza. Mengi ya majalada hayakuchomwa, yalisafirishwa kwenda Uingereza. Ya Kenya pekee yaliondoka kwenye makasha mia tatu hivi, mwaka 1963. Mengine yaliyochomwa yaliandikiwa vyeti vya uteketezaji, na vyeti navyo ni karatasi, navyo vilitunzwa. Miaka ikapita, hadi wazee wa Kenya walioteswa kambini wakati wa Mau Mau walipoishtaki serikali ya Uingereza mjini London. Wanahistoria David Anderson, Caroline Elkins na Huw Bennett walikuwa upande wao, wakisisitiza kwamba kuna hati zimefichwa. Mwaka 2011 serikali ikakiri: yapo majalada yapatayo 8,800 ya makoloni 37, yako Hanslope Park, kwenye ngome ya serikali kaskazini ya London. Ya Tanganyika yamo, ya Zanzibar yamo. Tarehe 6 Juni 2013 Waziri wa Mambo ya Nje, William Hague, alisimama bungeni kueleza masikitiko na kutangaza malipo ya pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228.

Yaani watu waliokuwa na serikali nzima mgongoni, matanuri, meli na miaka miwili ya kujiandaa, walishikwa na karatasi zilizobaki. Katika ufundi wangu hiyo ndiyo sura ya kwanza na pengine ya mwisho: kabla hujauliza utafuta vipi, uliza viko vingapi na viko wapi.

Kompyuta yenyewe ilitufikia kwa kusuasua. Serikali ilifunga ya kwanza Wizara ya Fedha mwaka 1965, aina ya ICT 1500, mashine ya kulisha kadi zenye matundu. Halafu mradi wa kuhamishia hesabu za Hazina kwenye mtambo mpya ukaenda mrama, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake. Marufuku hiyo ilianza kulegea miaka ya themanini inaelekea ukingoni. Wenzetu wa nchi nyingine walikua na mashine hizi. Kizazi changu kilikutana nazo tukiwa tumeshaota ndevu.

Niliingia kazini mwanzoni mwa miaka ya tisini, kwenye duka la mzee mmoja wa Kihindi, Mtaa wa Jamhuri. Siku moja alikuja mfanyabiashara wa mbao wa Buguruni, jasho linamtoka: katibu muhtasi wake amefuta barua zote za zabuni, na zabuni inafungwa kesho yake. Mzee akachukua diskete ya programu za Peter Norton, akaandika amri moja, na majina ya barua yakaanza kujitokeza kwenye skrini, kila moja ikikosa herufi yake ya kwanza. Akayajaza moja baada ya jingine. Yule bwana alicheka, akamshika mzee mikono yote miwili. Halafu kicheko kikakatika.

"Kwa hiyo, mzee, hata zile ninazofuta mimi usiku…?"

"Hata hizo, bwana," mzee akamjibu, bila kuinua macho.

Ilikuwaje? Katika mfumo wa DOS, ukifuta faili mashine haigusi maandishi yenyewe. Inakwenda kwenye orodha ya majina, inabadilisha herufi ya kwanza ya jina kwa alama maalumu, na kutangaza kwamba nafasi ile sasa ni wazi. Ni karani wa masijala aliyepiga mstari kwenye rejista akaenda kunywa chai, na jalada liko rafuni palepale. Litakaa hapo hadi siku ambapo jalada jingine litahitaji nafasi. Peter Norton, Mmarekani, aliligundua hilo mapema, na programu zake za mwaka 1982 zilimpa utajiri hasa kwa sababu ya UNERASE, amri ya kurudisha kilichofutwa. Mwaka 1991 Microsoft nao wakaweka UNDELETE na UNFORMAT ndani ya MS-DOS 5. Hata kufomati diski, kitendo ambacho wateja wangu hadi leo wanakiona ni kiama, mara nyingi kulikuwa ni kuandika rejista mpya tupu.

Na kama ni rejista, wapo wakubwa waliodanganyika nayo pia. Novemba 1986, kashfa ya kuiuzia Iran silaha na kuwapa fedha waasi wa Nikaragua ilipoanza kufumuka Marekani, Oliver North na bosi wake John Poindexter walikaa kwenye kompyuta za Ikulu yao wakafuta maelfu ya ujumbe waliokuwa wameandikiana. Walifuta kweli, kwa kadiri walivyojua. Lakini mfumo ulikuwa ukinakiliwa kwenye kanda za akiba, kanda zikapatikana, na ujumbe wao ukachapishwa kwenye ripoti ya tume ya uchunguzi ya Tower mwaka uliofuata. Ni Hanslope Park tena, ila safari hii ilichukua miezi badala ya nusu karne.

Mwishoni mwa miaka ya tisini na mwanzoni mwa elfu mbili ndipo makontena yalipofunguka. Ofisi za Ulaya zilikuwa zinabadilisha mashine kwa hofu ya mwaka 2000, na za zamani zikaanza kushuka bandarini, nyingine moja kwa moja kutoka Uingereza, nyingine zikipitia Dubai. Winga alikuwa anakuja mbio: "Mzee, kuna Compaq mia mbili Gerezani, njoo uchague." Unanunua sipiyu kumi, ishirini, bila kuziwasha. Kwenye ubavu zilikuwa na vibandiko vya wenyewe: namba ya mali, jina la idara, mara nyingine namba ya simu ya kupiga mashine ikiharibika.

Sikuwahi kutafuta kitu humo. Huhitaji kutafuta. Ili kuipima mashine unaiwasha, na ikiwaka inakufungulia mlango yenyewe. Nimekutana na ripoti za wanafunzi wa shule moja ya Uingereza, mtoto mmoja mmoja, nani ana matatizo ya kusoma na nani baba yake yuko jela. Nimekutana na barua za wakili kuhusu talaka, bei ya nyumba mpaka nani anabaki na mbwa. Kijana wangu wa kazi, aliyekuwa anajifunza Kiingereza, alianza kuzisoma zile za talaka kama tamthilia ya redioni, nikamkataza. Wale watu waliamini mashine imekwenda kutupwa. Kumbe imekwenda Kariakoo, na Kariakoo hakitupwi kitu.

Nilidhani ni uzembe wa waliotuuzia sisi Waafrika, kwa kuwa tuko mbali. Hapana, walitendeana vivyo hivyo wao kwa wao. Wanafunzi wawili wa chuo cha MIT huko Marekani, Simson Garfinkel na Abhi Shelat, walianza mwaka 2000 kununua diski za mtumba, hasa kwenye mnada wa intaneti. Walikusanya 158, zilizofanya kazi zilikuwa 129. Zilizokuwa zimesafishwa ipasavyo, walipotangaza matokeo mwaka 2003, zilikuwa 12 tu. Kwenye nyingine walikuta namba za kadi za benki zaidi ya 5,000, barua za mapenzi, kumbukumbu za wagonjwa, na diski moja iliyotoka kwenye mashine ya kutolea fedha ya Illinois, miamala ya wateja ikiwa bado ndani. Wengi wa waliouza walikuwa wamefuta au kufomati, wakaridhika. Na mwaka 2009 waandishi waliokwenda Ghana kufuata takataka za kielektroniki walinunua diski Tema, wakakuta humo nyaraka za mikataba ya serikali ya Marekani na kampuni ya silaha ya Northrop Grumman. Nilipoiona filamu waliyoitengeneza sikushangazwa na chochote isipokuwa bei: Tema walikuwa wanauza ghali kuliko sisi.

Dawa ilikuwepo muda wote, tena ya bure. Diski ya sumaku hufutwa kwa kuiandika upya yote, mwanzo hadi mwisho, iwe kwa sifuri au kwa vitu visivyo na maana. Kinachobaki hakisomeki. Mwaka 1996 Peter Gutmann wa Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, aliandika makala akipendekeza mfululizo wa maandishi 35 ya kupitisha juu ya diski, kila kundi likilenga namna fulani ya diski za wakati huo. Watu wakaishika ile 35 kama hirizi. Gutmann mwenyewe alikuja kulalamika kwamba hawakumwelewa: hakuna diski moja inayohitaji zote, na kwa diski za kisasa kupitisha mara chache kunatosha. Mwaka 2006 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, nayo ikasema kwenye mwongozo wake kwamba kwa diski zilizotengenezwa baada ya 2001 kuandika juu mara moja kunatosha. Lakini jaribu kumwambia hivyo mtu aliyekwisha kusikia 35.

Mimi nilikuwa natumia DBAN, programu ya Darik Horn, inayoingia kwenye diskete moja. Unaiwasha mashine nayo, unachagua, unaiacha. Diski ya gigabaiti arobaini kwa mashine za wakati ule ilikula saa nzima na ushee kwa mzunguko mmoja. Mizunguko 35 ingekula zaidi ya siku nzima, usiku na mchana, na mwaka wa mgao mkubwa, 2006, umeme ulikuwa unakatika kabla hata mzunguko wa kwanza haujaisha, unaanza upya. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini hakuna anayefuta. Kufuta kuna gharama: ni saa, ni umeme, ni mtu wa kukaa pale, na mwisho wake huna kitu cha kumwonyesha aliyekulipa. Diski iliyofutwa na isiyofutwa zinafanana, zina uzito uleule na zinauzwa bei ileile.

Soma sasa kesi za wakubwa kwa jicho hilo. Hospitali za Brighton na Sussex, Uingereza, zilikuwa na diski elfu moja hivi za kuharibu. Kazi ikaishia mikononi mwa mtu mmoja wa kukodiwa, na mwaka 2010 mamia yake yakaonekana kwenye mnada wa intaneti, na humo habari za wagonjwa wa virusi vya UKIMWI. Faini ikawa pauni 325,000, mwaka 2012. Affinity Health Plan, bima ya afya ya New York, ilirudisha mashine za fotokopi ilizokuwa imekodi bila kukumbuka kwamba fotokopi nayo ina diski ndani na inatunza picha za ilichonakili. Televisheni ya CBS ilinunua moja mwaka 2010, na mwaka 2013 bima hiyo ikalipa dola 1,215,780. Benki ya Morgan Stanley, yenye fedha za kununua Kariakoo nzima, mwaka 2016 iliipa kazi ya kuondoa mashine zake kampuni ya kuhamisha mizigo isiyo na uzoefu wowote wa kuharibu data, na vifaa vikauzwa mnadani vikiwa na taarifa za wateja. Mwaka 2022 ilitozwa dola milioni 35, kwa uzembe uliogusa wateja wapatao milioni 15.

Benki ile ingekuwa inaficha siri zake yenyewe, ingewapa wabeba samani? Macleod hakuwapa wabeba samani. Aliwapa maofisa wake, mmoja mmoja, na muhuri ukafungiwa kabatini.

Julai 2013 ilionekana tena jinsi mambo yanavyokwenda pale mwenye nguvu anapotaka kitu kipotee. Gazeti la Guardian la London lilikuwa na nakala za hati za siri za ujasusi wa Marekani alizozitoa Edward Snowden. Serikali ilishinikiza, na tarehe 20 wahariri wakashuka chini ya jengo lao na grainda na drili, wakasaga bodi na diski huku wataalamu wa idara ya usikilizaji, GCHQ, wakiwasimamia na kuelekeza ni chipu ipi isagwe. Kila aliyekuwa mle chumbani alijua nakala nyingine zipo nje ya Uingereza. Walisaga tu. Nimeitazama video yao mara kadhaa na naikubali kazi: hawakuacha chipu nzima. Mtu wangu wa vyuma chakavu, anayepita kila Ijumaa na mkokoteni, angewakatalia ule mzigo, haukubaki na kitu cha kuuza.

Wateja wangu nao wana mbinu zao. Yupo aliyezungusha sumaku ya spika juu ya diski, akaniletea akiwa na uhakika. Diski ikawaka na faili zake zote. Yupo aliyeizamisha kwenye ndoo ya maji ya chumvi. Nyundo huwa na nafuu, ikiwa unapiga hadi sahani za ndani zipinde au zivunjike. Nyingine ni za kioo na hupasuka vizuri. Ila nyundo inaua diski ambayo mwanafunzi wa Mbagala angeitumia miaka mitano, na hapo roho ya mfanyabiashara inaniuma.

Mama mmoja mstaafu wa ualimu, mkubwa kwangu kwa miaka, alipanda ngazi zangu polepole na kompyuta ya marehemu mumewe imebebwa na mjukuu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Nataka kuiuza, lakini sitaki watu wamsome mzee."

Nikamweleza kwamba nitatoa kwanza picha na barua anazotaka, nimwekee kwenye flashi mbili, kisha nifute yote mbele yake. Akauliza itachukua muda gani. Saa mbili, nikamwambia. Akavuta kiti, akatoa kitambaa anachofuma, akakaa saa mbili akiangalia namba zinapanda kwenye skrini. Kwa miaka yote niliyofanya kazi hii, ni wachache mno waliokaa hadi mwisho.

Siku hizi kazi imebadilika. Diski za sumaku zinapungua, zinakuja SSD, ambazo hazina sahani inayozunguka, na zenyewe huamua maandishi yakae wapi ili chipu zisichakae upande mmoja. Ukiandika juu ya faili, jipya linakwenda pengine na la zamani linaweza kubaki lilipokuwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walionyesha mwaka 2011 kwamba mbinu za diski za zamani za kufuta faili mojamoja hazifanyi kazi kwenye SSD, na kwamba hata amri ya kujifuta iliyowekwa na kiwanda, ambayo ndiyo njia sahihi, baadhi ya viwanda vilikuwa vimeikosea. Kinga bora inatangulia: kompyuta au simu iliyosimbwa kwa siri tangu siku ya kwanza, ambayo ukitaka kuifuta unaharibu ufunguo tu, na kilichobaki ndani ni vurugu isiyo na tafsiri. Simu janja nyingi sasa hufanya hivyo zenyewe. Kompyuta za mtumba ninazopokea, nyingi bado hazifanyi.

Sheria nayo imefika. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 1, 2023, na kuna Tume ya kuisimamia. Wenzetu wa Kenya na Uganda walitunga zao mwaka 2019. Tangu hapo napata wateja wa aina mpya, wanaotaka niwaandikie cheti kwamba nimefuta. Nawaandikia: namba ya diski, njia iliyotumika, tarehe, sahihi. Nikiandika huwa nawakumbuka wale maofisa wa 1961 na vyeti vyao, na namwambia mteja akitunze mahali pazuri.

Mwaka juzi alikuja daktari kijana mwenye zahanati yake, hapa hapa mjini, na kompyuta mbili. Heshima zote: shikamoo mzee, habari za kazi, akakataa hata soda. Ya kwanza ilikuwa laptopu ya mezani kwake. Hiyo alitaka ifutwe mara tatu, SSD itolewe, itobolewe na drili akiwa anaona, na apewe cheti. Nikamwuliza na hii nyingine, sipiyu ya Dell yenye vumbi?

"Hiyo ya mapokezi, mzee. Hiyo iuze tu kama ilivyo, haina kitu. Ina majina ya wagonjwa."

Nilimwandikia risiti ya mashine mbili.